Mawe ya Wasiorudi

Enzi zetu mtu hakuondoka Tabora hivi hivi, begi mgongoni na simu sikioni, kama wafanyavyo wajukuu zangu. Safari ilikuwa na adabu zake. Msafiri akishatoka, nyumba haikufagiliwa siku hiyo, nyayo zake zikaachwa sakafuni zimngoje. Aliyebaki hakusimama mlangoni kulia. Na wazee wetu, wale waliosafiri kwa miguu wakati mzigo ulikuwa kichwani na si kwenye buti la basi, walipaswa kwanza kupita Pale.

Mgeni akija mjini kwetu leo anaonyeshwa boma la Mjerumani kule juu, anapigwa picha stesheni, kisha anapelekwa Kwihara kuiona tembe aliyokaa mzungu fulani msafiri. Anaelezwa habari za mzungu huyo mpaka dawa alizokunywa. Hakuna anayemwambia ni akina nani waliombebea hizo dawa. Pale hapelekwi, kwa sababu hakuna tena cha kuona, na kijana anayewatembeza wageni amezaliwa juzi.

Hatukupaita jina jingine, Pale tu. Lilikuwa rundo la mawe kando ya njia ya zamani ya misafara, inapouacha mji na kushika upande wa Kwihara, karibu na nyumba yetu. Lilimzidi mtu mzima kimo. Majani hayakuota juu yake, na mbuzi, ambao mtaani kwetu walipanda hata mapaa ya watu, hawakulipanda. Sisi watoto tuliokota vijiwe vya mdako kila mahali, mtoni, relini, hadi uani kwa padri, lakini Pale hatukuokota hata changarawe. Hakuna aliyetuchapa kwa ajili hiyo. Tulijua tu, kama unavyojua kutoweka mguu kwenye moto.

Aliyenieleza ni Bibi Kalunde, mama yake baba yangu. Siku hiyo alikuwa amekaa uani anakata viazi vya michembe, nami nikimsaidia kuvianika, kimoja juani, kimoja mdomoni.

"Mpagazi akitoka anaokota jiwe lake, analiweka Pale," aliniambia. "Akirudi analitafuta, analitoa, analitupa porini. Ndiyo anaingia mjini."

"Na haya yaliyopo, Bibi?"

"Haya ni ya watu ambao bado wako njiani."

Hakusema wamekufa. Wanyamwezi wa umri wake hawakusema hivyo juu ya mtu ambaye hakuna aliyemfukia. Tangu siku hiyo nikipita Pale nilitembea kwa ncha za vidole, kama mtu apitaye chumba cha wagonjwa.

Lilikuwapo jiwe moja upande wa mawio, jekundu, lenye mshipa mweupe katikati. Hilo Bibi alilijua. Lilikuwa la Maganga, mume wake wa kwanza, aliyechukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo ya vita walipokuwa wanakimbilia kusini. Yeye na Bibi walikuwa hawajamaliza hata mavuno mawili pamoja. Maganga alitoka na rafiki yake kipenzi, kijana aliyeitwa Hamisi, wakaweka mawe yao ubavu kwa ubavu. Vita ilipokwisha Hamisi alirudi peke yake, akatoa la kwake, la rafiki yake akaliacha. Bibi alingoja miaka, halafu akaolewa na huyo Hamisi. Ndiye babu yangu, fundi viatu wa sokoni, mtu mpole asiye na maneno, aliyekata katambuga za matairi zilizodumu kuliko ndoa nyingi za siku hizi.

Basi ndoa ile ilikuwa na watu wawili na nusu, baba yangu alizoea kutania. Nusu ilikuwa Maganga. Bibi alipopakua chakula, uwe ugali wa mtama na mlenda, au matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, na karanga, alibakiza kidogo chunguni, hakukwangua kabisa. Mlango wa mbele haukutiwa komeo. Babu aliyaona hayo miaka nenda miaka rudi, akanyamaza. Asubuhi akaniamsha niende shule, jioni akaniletea kipande cha sega la asali kutoka sokoni, maisha yakaenda.

Na shule yenyewe ilikuwa shule. Siku hizi mtoto anapelekwa na basi la njano mpaka mlangoni, na mvua ikinyesha anabaki nyumbani kwa ruhusa ya mama. Sisi alfajiri tulikuwa barabarani kwenye mchakamchaka, tumbo tupu, vumbi hadi kwenye kope, tukiimba nyimbo za ujamaa na kujitegemea kwa sauti ya kuamsha mji mzima. Njia yetu ilipita Pale. Na kila siku, tukilikaribia rundo, wimbo ulikatika. Hakuna aliyeukataza. Mwanzishaji alifungua mdomo, sauti ikakataa, zikabaki nyayo zetu peke yake zinapiga ardhi. Tukishapita, wimbo ukarudi wenyewe, pale pale ulipoishia.

Mwalimu wetu wa elimu ya kujitegemea, Mwalimu Temba, alikuwa kijana mgeni kutoka Moshi, mrefu, shati jeupe, mwenye imani na maendeleo mpaka unamwonea huruma. Mwaka huo shule ilihitaji darasa jipya. Saruji serikali ingetoa, mawe ya msingi tulete sisi. Kila mtoto, jiwe lake, kila asubuhi. Tukamaliza ya mtoni, tukamaliza ya relini, tukaanza kuiba ya vyoo vya jirani. Siku moja kwenye mchakamchaka, wimbo ulipokatika kama kawaida, Mwalimu Temba akatusimamisha.

"Kwa nini mnanyamaza hapa?"

Tuliangalia vidole vya miguu. Mwishowe kiongozi wetu, Shija, mvulana wa darasa la saba, akamweleza kwa sauti ndogo. Mwalimu akasikiliza hadi mwisho, akacheka, si kwa ubaya.

"Msingi wa darasa uko hapa, nyinyi mnaupita kila siku mkiogopa," alisema. "Ushirikina ndio adui wa maendeleo."

Akaenda mwenyewe, akashika jiwe la kwanza, akampa Shija. Akashika la pili. Tuliokuwa tayari na mawe yetu kichwani, mimi nikiwamo, tulisimama kando. Wengine wakapanga foleni, kwa sababu kati ya wafu na kiboko cha mwalimu, kiboko kilikuwa karibu zaidi. Ilikuwa asubuhi ya Septemba, kabla ya mvua, wakati ambapo nyenje hupiga kelele mpaka masikio yanauma. Mkono wa mwalimu ulipogusa lile jiwe la kwanza, nyenje walinyamaza wote.

Nataka mwelewe kosa lilikuwa nini, maana nikiwasimulia vijana wanadhani ni wizi wa makaburi. Sivyo. Kwa kanuni ya Pale, jiwe likitoka, mwenyewe amerudi. Mwalimu Temba, mtu wa watu, bila kujua alikuwa ameutangazia mji kwamba msafara mzima umerudi.

Na tulirudi kama msafara. Mstari mmoja, mizigo kichwani, kwenye njia ile ile ya zamani, kuelekea mjini. Mwalimu akaanzisha wimbo, safari hii ukashika. Ukashika vizuri mno. Ziliingia humo sauti nene ambazo darasa letu halikuwa nazo, za wanaume wazima, zikiitikia kwa chini. Nikageuka kutazama nyuma. Vumbi lilikuwa jingi, lakini mstari ulionekana mrefu kuliko sisi tulivyokuwa. Sikugeuka tena.

Tulipoufikia mtaa, milango ilikuwa wazi yote. Wazee wa kike walikuwa wametoka barazani, wamesimama. Bibi Nyamizi, jirani yetu aliyekuwa haoni kabisa kwa uzee, ambaye baba yake alikwenda Ujiji kufuata pembe za ndovu yeye akiwa angali ananyonya, aliinua uso kuelekea zilikotoka nyayo. Akapiga vigelegele. Nilikuwa sijawahi kumsikia hata akicheka.

Niliporudi nyumbani mchana nilimkuta Bibi Kalunde amefagia. Alikuwa amesiriba sakafu upya, amejipaka mafuta, amevaa kaniki yake mpya, na chungu kilikuwa jikoni kikichemsha kuku. Babu alikuwa amerudi kula, amesimama uani na viatu vya watu mkononi.

"Karibu, shemeji," Bibi akamwambia.

Nilidhani nimesikia vibaya. Maisha yangu yote nilisikia wakiitana Mama Juma na Baba Juma. Shemeji ni rafiki wa mume, ni mtu wa kukaribishwa barazani, anapewa maji ya kunywa na kiti. Na ndivyo alivyofanya. Alimletea kiti barazani na maji kwenye kata, Babu akayapokea kwa mikono miwili, akanywa. Kitanda cha Babu, Bibi alikuwa amekwishakikung'uta na kukitandika shuka jipya, lakini si kwa ajili yake.

Jioni baba yangu aliporudi kutoka karakana ya reli akapandisha sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wazazi wake.

"Mama, yule mtu alishakufa. Alikufa kabla sijazaliwa."

Babu ndiye aliyemjibu, kutoka barazani.

"Nani kakwambia amekufa?"

Babu alikuwa anatazama njia.

"Aliumwa tumbo, tukiwa tumepita mto mkubwa," alisema. "Askari akasema asiyeweza kutembea aachwe. Nikamlaza chini ya mti, nikamwekea maji. Mzigo wake nikaongezewa mimi. Nilimwacha anapumua, Juma. Ningelitoaje jiwe lake?"

Sikuwa nimewahi kusikia Babu akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo. Bibi alikuwa jikoni, mlango wazi, amesikia yote, na nadhani alikuwa anayajua tangu zamani. Nilimwona akifunika chungu taratibu.

"Sasa mimi niende wapi?" Babu aliuliza, na hakuwa anatuuliza sisi.

Usiku ule alilala barazani juu ya mkeka, kama mgeni, na sisi watoto tukalala tumefunika vichwa. Kesho yake mambo hayakupoa. Mtaa mzima ulikuwa unapika. Wanawake wazee walikaa milangoni kuanzia jua linapopanda, na utosi ulipofika, wakati ambapo kivuli cha mtu kinaingia chini ya miguu yake, walisimama wote kwa pamoja wakitazama njia. Pale, baada ya shule nzima kupita, palikuwa pamebaki duara la udongo mtupu, na kutoka kwenye duara hilo vilinyanyuka visulisuli, kimoja baada ya kingine, vikashika njia kuelekea mjini na kupotea mbele ya nyumba, kila kimoja mbele ya nyumba yake; mbele ya yetu hakikuja hata kimoja. Mbwa hawakubweka. Walitikisa mikia.

Kumbe tatizo lilikuwa hili, Bibi alimweleza mama yangu nami nikisikia. Mpagazi aliyerudi haingii ndani hivi hivi. Husimama nje na mzigo wake, mpaka mtu wa nyumbani atoke na maji ya unga wa mtama ammwagie, ampe pole ya safari. Ndipo anatua. Asipomwagiwa hawezi kutua, atasimama hapo na mzigo hata miaka.

"Wamesimama juani," Bibi alisema. "Nami sijui wa kwangu yuko mlango gani. Nitammwagia nani, na jiwe lake limepelekwa shuleni?"

Babu alisikia. Akaweka chini kisu chake cha ngozi, akavaa kofia, akatoka. Nikamfuata.

Shuleni wazazi walikuwa kwenye kazi ya kujitolea, wanachimba mtaro wa msingi, na mawe yamerundikwa pembeni yakingoja saruji. Babu aliinama kwenye rundo, akaanza kuyageuza moja moja, pole pole, kila analoliweka kando akiliwekea mkono kidogo kabla ya kuliachia. Mwalimu Temba akamjia akitabasamu.

"Shikamoo mzee. Wenzako wanaleta, wewe unatoa?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua mtu."

Tabasamu likamwisha Mwalimu. Alibaki kusimama pale na sepetu mkononi, na Babu akaliona jiwe jekundu lenye mshipa mweupe. Alilijua mara moja. Lilikuwa kubwa, si la mzee kubeba. Akakataa kusaidiwa. Akapiga goti, akaliegemeza begani jinsi wapagazi walivyofanya, akanyanyuka nalo.

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile, na si mbali. Ilikuwa utosi. Barabara haikuwa na mtu, maduka yameacha milango wazi hakuna muuzaji. Babu alitembea bila kupumzika, shingo imekaza, akisema maneno kwa Kinyamwezi, chini chini, kisha akinyamaza kama mtu anayesikiliza jibu, kisha akicheka kidogo. Mara moja alisema, kwa Kiswahili, "Hapo palikuwa na duka la yule Mhindi, wamelibomoa." Akaendelea kumwonyesha Maganga mji. Soko jipya, ofisi ya chama, shule. Nami nikafuata nyuma, nikiogopa kukanyaga kivuli chake, kwa kuwa kilikuwa kipana mno.

Alipofika nyumbani hakuingia. Hakubisha hodi. Alisimama mbele ya baraza, jiwe begani, jasho likimtiririka hadi kwenye ndevu. Baba akataka kumpokea mzigo, mama akamshika mkono.

Bibi akatoka na kibuyu. Alimtazama kwanza mumewe, akalitazama jiwe. Akachovya vidole, akalirushia maji ya unga, mshipa mweupe ukapotea ndani ya weupe.

"Pole na safari, Maganga," alisema. "Umekawia."

Hakulia. Alikuwa ameshalia zamani, kabla baba yangu hajazaliwa. Akangoja. Babu hakutua.

"Mbona hutui?"

"Mimi pia sikumwagiwa," Babu akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Niliporudi nilimkuta mama amekufa, hapakuwa na mtu wa kutoka. Na nilikuwa na haya ya kuja kwako. Niliingia mjini kwa nyuma."

Bibi alisimama na kibuyu, upepo ukimpeperusha kanga. Ndipo nilipoelewa, mtoto kama nilivyokuwa, kwamba tuliishi miaka yote ile na mtu aliyekuwa bado amesimama nje ya nyumba yake. Bibi akachovya tena. Akammwagia kichwani, mabegani, kifuani, akamwagia mpaka kibuyu kikaisha, Babu akawa mweupe kama aliyenyeshewa unga.

"Pole na safari, Baba Juma," akamwambia. "Tua. Ingia ndani ule."

Babu akatua. Jiwe liligonga ardhi, puu, naye akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyefika. Nilikuwa nimesimama karibu yake kuliko wote. Pumzi nilizozisikia zilikuwa mbili.

Kuku yule tulimla sote, na Bibi akakikwangua chungu chake mpaka chini. Usiku ule mlango wetu ulitiwa komeo kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na Babu akalala kitandani kwake.

Mawe mengine yalibaki kwenye msingi. Siku zilizofuata wazee wa kike walikwenda shuleni mmoja mmoja na vibuyu vyao, Bibi Nyamizi akiongozwa mkono, wakamwagia ukuta wa msingi hadi ukawa mweupe pande zote. Afisa elimu alipokuja kukagua alimsifu Mwalimu Temba kwa chokaa. Nilisoma kwenye darasa lile. Wakati wa hesabu, saa za utosi, kukiwa kimya, ulisikia kwenye kuta mizigo ikitua, mmoja, halafu mwingine mbali kidogo, na watu wakishusha pumzi. Hakuna aliyeogopa. Tulipata usingizi tu. Mwalimu Temba baadaye alihamishiwa shule ya Kaliua, na waliomwona akienda stesheni wanasema alipitia kwanza njia ya Kwihara, ambayo si njia ya stesheni, akainama Pale. Jiwe moja lilibaki katikati ya duara, safi, dogo. Hakurudi kulichukua.

Sasa Pale ni kituo cha bodaboda. Vijana wanakaa kulizunguka lile jiwe dogo wakichaji simu na kubishana kuhusu mpira, wala siwaondoi, wamechoka na jua. Wajukuu zangu wanaondoka na basi la alfajiri kwenda Dar, na kabla hata halijafika Igunga nyumba imeshafagiliwa. Nikiwauliza watarudi lini wanasema, "Tutawasiliana, Bibi." Wanawasiliana kweli, picha zinakuja, vocha zinakuja. Lakini enzi zetu mtu akiwa hayupo palikuwa na mahali unapoweza kwenda ukaona kwamba hayupo. Leo mtu anapotea kwenye simu, jina lake lipo, hajibu, na huna hata cha kugusa.

Jiwe la Maganga liko mlangoni kwangu. Babu na Bibi walishatangulia, wamelala makaburini Isevya bega kwa bega. Wajukuu wanalitumia jiwe kuzuia mlango usipigwe na upepo, na wananicheka kwamba nimezeeka, naongea peke yangu. Maana Septemba, kabla ya mvua, nyenje wananyamaza mara moja saa za utosi, na pale nje ya baraza, mahali pasipo na mtu, namsikia mtu amesimama anahema kwa mzigo. Siulizi ni nani. Nachanganya unga wa mtama na maji, natoka, nammwagia, namwambia pole na safari, tua. Halafu nasikiliza mpaka atue, ndipo narudi jikoni.